Leland Stanford kwa Kiswahili: vipindi 10 vya sauti kwa shilingi 15,000

Nimemaliza kusikiliza, kwa mara ya pili, mfululizo wa vipindi 10 vya sauti juu ya maisha ya Leland Stanford, yule mwenye duka wa California aliyekuja kuwa gavana wa jimbo hilo, mkuu wa kampuni ya reli, seneta, na mwanzilishi wa chuo kikuu kinachobeba jina la mwanawe. Mfululizo huu unauzwa kwa njia ya simu na huduma moja changa ya Kampala inayosimulia maisha ya watu wa kale kwa Kiswahili. Bei yake ni shilingi 15,000 kwa vipindi vyote, au shilingi 2,000 kwa anayetaka kununua kimoja kimoja. Nimeamua kuutathmini kwa urefu kwa sababu kazi ya namna hii ni adimu kwetu Uganda, ambako watu wengi bado wanakihesabu Kiswahili kuwa lugha ya kambini na ya mpakani, na pia kwa sababu mimi ni mtoto wa reli. Marehemu baba yangu alikuwa katika gengi la kutengeneza njia hapa Tororo. Nilikulia katika nyumba za reli, ambako Wajopadhola, Wateso, Wasamia, Wajaluo na Wahindi wachache waliosalia walielewana kwa Kiswahili kabla ya kuelewana kwa jambo lingine lolote. Mtu anapotaka kunisimulia habari za reli kwa lugha hii, basi, namsikiliza kwa sikio lisilosamehe haraka.

Nianze na ununuzi wenyewe, ili niumalize. Nililipa jioni ya Ijumaa kwa fedha za simu, nazo zilikatwa papo hapo, lakini vipindi havikufika hadi Jumapili mchana. Nilipopiga namba waliyoiweka, binti aliyepokea aliniambia, “Pole sana mzee, mtandao ulitusumbua, nakutumia sasa hivi,” na kwa kweli alivituma kabla sijakata simu. Sikupendezwa na kusubiri siku mbili kwa kitu ambacho hakisafiri kwa basi, ila sina budi kukiri kwamba lugha ya binti yule ilikuwa ya adabu na hakunizungusha. Kila kipindi kina dakika 25 hivi, na kikishapakuliwa husikika bila intaneti, jambo ambalo kwa sisi tunaonunua bando kwa kupima lina thamani kubwa kuliko mapambo yoyote ya programu.

Msimulizi ni mwanamke mwenye sauti tulivu, asiyeigiza vilio wala vicheko, na Kiswahili chake ni sanifu huku kikiwa na lafudhi ya kwetu ambayo hakujaribu kuificha. Nilimpenda tangu dakika za mwanzo. Kasoro yake ni kwamba msamiati wa reli haumo kinywani mwake: mara kadhaa anataja “vipande vya mbao vinavyolazwa chini ya vyuma”, ilhali neno lipo, nalo ni mataruma, na hakuna mzee wa reli kati ya Mombasa na Kasese ambaye halijui. Mtu aliyejitolea kusimulia juu ya kampuni iliyolaza mataruma kwa mamilioni angetumia nusu saa kuongea na mstaafu mmoja wa stesheni.

Utoto na ujana wa Stanford umepewa kipindi kimoja na nusu, na hicho ni kipimo sahihi. Alizaliwa tarehe 9 Machi 1824 karibu na mji wa Albany, katika jimbo la New York, akiwa mtoto wa mkulima. Alisomea sheria Albany, akakubaliwa kuwa wakili mwaka 1848, akahamia Port Washington katika jimbo la Wisconsin, akamwoa Jane Lathrop mwaka 1850, na mwaka 1852 moto ukaiteketeza ofisi yake pamoja na vitabu vyake vya sheria. Msimulizi anaupita moto huo bila kuufanya kuwa ishara ya kitu chochote, nami nilimshukuru.

Kipindi cha tatu ndicho kilichonifanya niache kazi niliyokuwa nayo mkononi. Dhahabu ilikuwa imegunduliwa California mwaka 1848, na ndugu zake Stanford walikuwa wamekwishatangulia kule kufanya biashara. Leland aliwafuata mwaka 1852, akamwacha mkewe Albany kwa miaka mitatu, akafungua duka katika kambi ya wachimbaji iliyoitwa Michigan City, ambayo baadaye ilijulikana kama Michigan Bluff, katika wilaya ya Placer. Sehemu hii inaeleza kwa utulivu kwa nini mtu mwenye cheti cha uwakili alikaa nyuma ya meza kupima unga na kuuza sepetu. Mchimbaji anaweza kupata dhahabu leo na kukosa mwezi mzima, lakini lazima ale kila siku, na sepetu yake ikivunjika hawezi kungojea bahati. Yeyote aliyefika Tiira, huku kwetu Busia, ameliona jambo hili kwa macho yake. Wanaume hushinda mashimoni wakitoka wamepakwa tope hadi kope, na wengi hurudi nyumbani na deni, huku mwenye kukaanga chapati, kuuza betri za tochi na kukodisha pampu za maji akijenga nyumba ya matofali. Msimulizi hakuitaja Tiira, bila shaka, ila maelezo yake yalikuwa wazi kiasi kwamba msikilizaji anaiona mwenyewe.

Kutoka hapo tunahamia Sacramento, ambako Stanford aliendelea na biashara ya vyakula kwa jumla na kufahamiana na wenye maduka wengine watatu, yaani Collis Huntington na Mark Hopkins, waliouza pamoja vifaa vya chuma, na Charles Crocker, aliyeuza vitambaa. Mhandisi Theodore Judah, ambaye alikuwa amepata njia ya kuvukisha reli katika milima ya Sierra Nevada na kukataliwa na matajiri wa San Francisco, aliwaeleza mpango wake katika chumba kilichokuwa juu ya duka la Huntington na Hopkins. Tarehe 28 Juni 1861 kampuni ya Central Pacific ikaandikishwa rasmi, Stanford akiwa rais wake.

Naomba msomaji aishike tarehe hiyo, kwa maana ni hapo ndipo ninapotofautiana na waandaaji wa mfululizo huu. Wao wamemwita Stanford, katika tangazo lao na katika vichwa vya vipindi, “mfanyabiashara aliyegeuka gavana”. Wamempa kipindi cha nne kama gavana, kisha kuanzia kipindi cha tano wakarudi kwenye reli, kana kwamba mtu huyu alivua koti moja akavaa jingine, halafu akalivaa tena lile la kwanza. Hakugeuka. Alichaguliwa kuwa gavana mnamo Septemba 1861, miezi isiyotimia mitatu baada ya kuwa rais wa kampuni ya reli, na katika muda wote wa ugavana wake, tangu tarehe 10 Januari 1862 hadi tarehe 10 Desemba 1863, aliendelea kuwa rais wa kampuni hiyo. Makoti yote mawili aliyavaa pamoja. Kuyatenganisha katika vipindi viwili ni kumnyima msikilizaji jambo lenyewe alilolipia.

Simaanishi kwamba kipindi cha nne ni kibaya. Kinaeleza vizuri jinsi alivyoshindwa katika uchaguzi wa mweka hazina wa jimbo mwaka 1857, akashindwa tena katika uchaguzi wa ugavana mwaka 1859, na kisha akashinda mwaka 1861 kwa sababu chama cha Demokrasia kilikuwa kimegawanyika wakati vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, naye akisimama na chama kichanga cha Republican kilichomuunga mkono Abraham Lincoln. Kuna tukio la kuapishwa kwake, ambalo msimulizi analisimulia kwa ustadi: Sacramento ilikuwa imefurika maji, gavana mteule akaenda kuapa kwa mtumbwi, na inasemekana kwamba aliporudi nyumbani ilimbidi aingie kwa dirisha la ghorofa ya juu. Muda si mrefu serikali yote ikahamia San Francisco kwa muda, hadi maji yalipopungua. Nilicheka peke yangu, nikikumbuka viongozi wetu wanaozuru maeneo ya mafuriko ya Manafwa wakiwa wamebebwa mgongoni ili viatu visilowe. Kinatajwa pia chuo cha ualimu cha jimbo, cha kwanza cha aina yake California, kilichoanzishwa mwaka 1862, na mimi kama mwalimu mstaafu nilitamani dakika tatu zaidi juu yake.

Hata hivyo, tazameni yale ambayo kipindi hicho kiliyaacha au kuyasukuma mbele hadi yakapoteza maana. Tarehe 1 Julai 1862 Lincoln alitia saini sheria ya reli ya Pasifiki, iliyoipa kampuni ya Stanford ardhi na mkopo wa hati za serikali kwa kila maili ya reli: dola 16,000 kwa maili ya tambarare, dola 32,000 kwa maili ya nyanda zilizo kati ya safu za milima, na dola 48,000 kwa maili ya mlimani. Kazi ilizinduliwa Sacramento tarehe 8 Januari 1863, na aliyechota udongo wa kwanza alikuwa rais wa kampuni, ambaye ndiye pia aliyekuwa gavana wa jimbo. Mwaka huohuo bunge la jimbo lilipitisha sheria za kuziruhusu wilaya kununua hisa za kampuni hiyo, na mwenye kuzitia saini alikuwa gavana, ambaye ndiye pia aliyekuwa akinufaika. Mwaka huohuo tena, nafasi ilipopatikana katika mahakama kuu ya jimbo, gavana alimteua Edwin Crocker, kaka yake Charles Crocker na wakili wa kampuni. Haya yamesemwa kwa kugusagusa, uteuzi wa Crocker ukiwa katika kipindi cha nne na sheria za hisa zikiwa katika kipindi cha tano, kwa hiyo msikilizaji asiyeandika tarehe pembeni hawezi kujua kwamba ni mwaka mmoja, na mkono uliotia saini ni mmoja.

Kisa cha mlima uliohamishwa, ambacho kinaeleza mchezo huu vizuri kuliko hotuba yoyote, kimetengewa dakika mbili tu. Kwa kuwa maili ya mlimani ililipwa mara tatu ya maili ya tambarare, lilizuka swali la mahali ambapo milima ya Sierra Nevada inaanzia. Mtaalamu wa miamba wa jimbo, Josiah Whitney, alikubali kwamba inaweza kuhesabiwa kuanzia kijito cha Arcade, yapata maili saba tu kutoka Sacramento, mahali ambapo macho ya kawaida huona uwanda mtupu uliolala kama mkeka, na Lincoln akakubali. Wenye mzaha wakasema kwamba imani ya Abraham imehamisha milima. Kwa Kiswahili, ambacho kinamwita Abraham Ibrahimu, mzaha huo ungependeza zaidi, lakini msimulizi aliusoma upesi kama anayesoma bei ya sukari.

Hapo ndipo ningependa waandaaji wakumbuke wasikilizaji wao ni nani. Kumtajia mtu wa Tororo au Gulu dola 48,000 za mwaka 1863 bila kipimo chochote ni kumpa namba isiyo na uzito. Wangeweza kueleza tu kwamba tofauti kati ya tambarare na mlima ilikuwa dola 32,000 kwa kila maili, wakati ambapo Mchina aliyekuwa akitoboa mwamba wa mlima huohuo baadaye alilipwa takribani dola 30 kwa mwezi, na kila mtu angeelewa.

Ninafika kwa Wachina, na hapa nitakaa. Katika hotuba yake ya kuapishwa Januari 1862, Stanford aliwaita watu wa Asia takataka ya bara lao, akataka wazuiwe kuhamia California kwa kila njia halali. Miaka mitatu baadaye, kampuni yake ilipokosa vibarua wazungu kwa sababu wengi walikuwa wakikimbilia migodini mara tu walipopata nauli, Charles Crocker alijaribu kuwaajiri Wachina wachache, kisha mamia, kisha maelfu. Kufikia Oktoba 1865 Stanford huyuhuyu alikuwa akimwandikia Rais Andrew Johnson kwamba watu hao ni watulivu, wenye amani, wavumilivu, wenye bidii na wasiopoteza mali, na kwamba bila wao reli isingemalizika katika muda uliowekwa na sheria. Mfululizo unazitaja kauli zote mbili. Ila kauli ya 1862 imewekwa katika kipindi cha gavana na ile ya 1865 katika kipindi cha reli, dakika 60 baadaye, kwa hiyo hazikutani kamwe. Mtu akizisikia pamoja anasikia kitu kingine kabisa: mwanasiasa anatafuta kura kwa kuwatukana watu ambao mwenye kampuni atawahitaji, nao wote wawili wanakula sahani moja.

Kazi yenyewe imesimuliwa kwa heshima, na kipindi cha sita ni cha pili kwa ubora baada ya kile cha duka. Wachina walifika zaidi ya 10,000, wakawa karibu tisa ya kumi ya nguvukazi yote ya Central Pacific. Walitoboa mahandaki katika mwamba mgumu wa matale, wakitumia baruti na baadaye nitrogliserini, wakati mwingine wakisonga mbele kwa inchi chache tu kwa siku. Handaki la kileleni, lenye urefu wa futi 1,659, lilichimbwa kutoka pande zote mbili na pia kutoka katikati kupitia shimo lililoteremshwa kutoka juu ya mlima. Katika baridi ya 1866 hadi 1867 waliishi chini ya theluji, na maporomoko ya theluji yaliwafunika wengine ambao miili yao ilipatikana pale majira yalipobadilika. Mnamo Juni 1867 maelfu yao waligoma kwa utulivu, wakitaka dola 40 kwa mwezi na saa chache zaidi za kupumzika. Crocker hakutuma askari. Alisimamisha chakula, na baada ya wiki moja hivi mgomo ukaisha.

Nilisikiliza sehemu hii pamoja na jirani yangu, mzee aliyekuwa fundi wa mabehewa, na sote wawili tuliwafikiria makuli wa reli yetu. Waingereza walileta kutoka India vibarua wapatao 32,000 ili kujenga reli ya Uganda kutoka Mombasa, kuanzia mwaka 1896, na takribani 2,500 walikufa kabla reli haijafika ziwani mnamo Desemba 1901. Mahali ilipofika, yaani Kisumu ya leo, palikuwa bado ndani ya himaya ya Uganda, na palipewa jina la Port Florence kwa heshima ya Florence Preston, mke wa mhandisi mkuu wa ulazaji, aliyegongelea pigo la mwisho. Kampala ilingoja hadi mwaka 1931. Sidai kwamba huduma iliyoahidi maisha ya Mmarekani itusimulie historia ya Kisumu, lakini sentensi mbili zingetosha kumfanya msikilizaji wa Busembatia ajue kwamba hadithi hii ina ndugu yake upenuni mwake.

Na kama wangetaka kulinganisha wafanyabiashara, mfano ulikuwa mkononi. Allidina Visram alifungua maduka kufuata njia ya reli yetu na kuyasambaza hadi Kampala na Jinja. Biashara yake ilifuata reli iliyojengwa na serikali. Kwa Stanford, wenye maduka ndio waliojenga reli, kwa fedha za serikali, na mmoja wao ndiye aliyekuwa serikali ya jimbo. Tofauti hiyo, kwa mtazamo wangu, ndiyo kiini cha maisha yake yote.

Tukio la Promontory limesimuliwa kwa uchangamfu unaostahili. Tarehe 10 Mei 1869, katika nyanda za Utah, reli ya Central Pacific iliyotoka Sacramento, maili 690, ilikutana na ile ya Union Pacific iliyotoka mashariki, na Stanford akakabidhiwa nyundo ili agonge msumari wa dhahabu. Nyaya za simu za maandishi zilikuwa zimeunganishwa ili pigo hilo lisikike nchi nzima. Wengi wanasema kwamba alikosa msumari akapiga reli, na mtumaji wa simu akapeleka habari kwamba kazi imekwisha hata hivyo. Jirani yangu alisema kwa kifupi, “Angeshika kuli,” akaomba chai. Jambo moja lilinifurahisha katika kipindi hiki: msimulizi anabainisha kwamba katika picha mashuhuri ya siku ile, iliyojaa wanaume juu ya vichwa vya garimoshi wakinyoosheana chupa, nyuso za Wachina ni za kutafuta. Hapo hakuharakisha.

Kipindi cha farasi kinaburudisha bila kulemea. Stanford alifuga farasi wa mbio katika shamba lake la Palo Alto, akataka kujua kama farasi anayekimbia huinua miguu yote minne kwa wakati mmoja, akamlipa mpiga picha Eadweard Muybridge, ambaye mnamo Juni 1878 alipanga kamera 12 kandokando ya njia na kuthibitisha kwamba kweli huinua. Hadithi ya dau la dola 25,000 haina ushahidi, na waandaaji wameisema hivyohivyo, jambo la kupongezwa kwa kuwa ingekuwa rahisi kuiuza kama ukweli.

Halafu kuna mtoto. Leland mdogo alizaliwa tarehe 14 Mei 1868, wazazi wake wakiwa wamekaa katika ndoa karibu miaka 18 bila mtoto, akafa kwa homa ya matumbo mjini Florence, Italia, tarehe 13 Machi 1884, akiwa bado hajatimiza miaka 16. Msimulizi hapa anapunguza mwendo, na sauti yake tulivu inamfaa. Stanford anasemekana kumwambia mkewe kwamba watoto wa California watakuwa watoto wao. Mnamo Novemba 1885 walitia saini hati ya kukianzisha chuo kikuu katika shamba lao la Palo Alto, nacho kikafunguliwa tarehe 1 Oktoba 1891, kikipokea wanaume kwa wanawake na kwa miaka ya mwanzo bila karo. Mke wangu, ambaye hakuwa akifuatilia vipindi vingine, aliweka chini ungo wa mchele akasikiliza hiki hadi mwisho.

Kilichonisumbua ni kwamba huzuni ya kipindi hiki imetumiwa kufunga hesabu ambazo hazijafungwa. Mwaka 1887, wakati chuo kikiwa kinajengwa, tume ya serikali kuu ilimhoji Stanford juu ya fedha za reli, na maswali mengine alikataa kuyajibu. Vitabu vya hesabu vya kampuni ya ujenzi ambayo wenye reli wenyewe waliiunda ili wajilipe kazi waliyojipa vilikuwa vimekwishaharibiwa. Miaka saba kabla, Mei 1880, watu saba walikufa kwa risasi huko Mussel Slough katika mgogoro wa ardhi kati ya walowezi na reli ya Southern Pacific, kampuni iliyokuwa mikononi mwa wenzake walewale. Mambo haya yote yamebanwa katika robo saa ya kwanza ya kipindi cha mwisho, baada ya msikilizaji kuwa tayari amemlilia baba aliyefiwa. Ukimsikia mtu kwanza akiwa msibani, ni vigumu kumdai.

Kifo chake kimesimuliwa upesi, tarehe 21 Juni 1893 nyumbani kwake Palo Alto, akiwa seneta tangu 1885 na akiwa ameondolewa na Huntington katika urais wa Southern Pacific mwaka 1890. Ugomvi wa wenye maduka wawili hawa wa zamani ungestahili kipindi chake. Badala yake tunapewa mengi juu ya Jane Stanford, na silalamiki, kwa kuwa ndiye aliyekibeba chuo wakati serikali ilipodai zaidi ya dola milioni 15 kutoka katika mirathi ya mumewe, akakilisha chuo kwa posho ya nyumba yake mpaka Mahakama Kuu ya Marekani ilipoamua upande wake mwaka 1896. Alikufa Honolulu mwaka 1905 kwa sumu ya strikinini. Waandaaji wanaishia hapo.

Kwa shilingi 15,000, ambazo ni nauli ya mtu mmoja kwenda Mbale na kurudi na soda mbili, mnunuzi anapata takribani saa nne za Kiswahili safi juu ya jambo ambalo ni nadra kuandikwa kwa lugha hii, na sijutii kununua. Anayenunua kimoja kimoja achukue cha tatu, cha sita na cha tisa. Anayenunua vyote namshauri asikilize cha nne na cha tano kwa siku moja, kalamu mkononi, akiandika kila tarehe kwenye karatasi moja, kwa sababu waandaaji hawakumfanyia kazi hiyo. Nimewaandikia ujumbe nikiwaomba wasahihishe neno la mataruma na waongeze uzito wa dola. Binti yuleyule alinijibu siku iliyofuata: “Asante mzee, tumepokea. Hayo mataruma ndiyo nini?” Nimemtumia picha ya lile ambalo baba yangu alilifanya benchi, na bado tunalikalia mbele ya jiko.